Kuruka Ukuta

Jumatatu, 6 Mei

Mazoezi saa kumi, kama kawaida. Kwanza kufukuza korongo golini. Ndege wale hawana adabu, wanasimama pale kama mabeki wanaosubiri kupangwa. Halafu kuzunguka uwanja, halafu pasi fupi, halafu Kulwa kupaisha mpira mpaka kwenye mawe na kusingizia upepo wa ziwani.

Mashabiki walikuja tena. Mazoezini! Wamekaa juu ya mawe na ngoma zao, wamevaa fulana mpya: KOMBE LINABAKI NYUMBANI. Nusu fainali haijachezwa. Fulana zimeshachapishwa.

Wananichosha.

Waliochukua kombe la vyuo mwaka jana wengi wameshahitimu, wanafundisha huko Geita na Simiyu. Kipa ni mpya. Mabeki wa kati wamefahamiana mwaka huu huu. Na hata hilo la mwaka jana, tuseme ukweli hapa ambapo hakuna anayesoma: kipa wa wenzetu alipigwa tobo na mpira ambao bibi yangu angeudaka kwa kanga. Mwaka juzi tulitolewa raundi ya kwanza. Kombe moja tu, watu wanalizungumzia kama shamba la urithi.

Tuna Magesa, ndiyo. Mshambuliaji kama yule sijawahi kumfundisha. Lakini kifundo chake cha mguu wa kulia kilivunjika wakati wa mvua za vuli, akakaa na hogo la plasta mpaka tukamzoea nalo. Daktari alisema mbele yangu: akiumia tena palepale vibaya, hata kusimama darasani itakuwa shida. Chuo chetu ni cha ualimu. Mwalimu husimama.

Mama yake alinipigia simu kutoka Majita siku hogo lilipofunguliwa. Alisema, "Madam, mpira acheze. Lakini mguu huo nimekukabidhi wewe." Nikasema sawa, mama. Nani alinituma niseme sawa?

Jumanne, 7 Mei

Muuza nyama wa hapa Kiseke kanikatia steki nzuri, eti ya kombe. Jirani kauliza tutalipokelea wapi. Mkuu wa chuo kanisimamisha koridoni: "Madam, safari hii hatutegemei kingine." Hajawahi kuuliza kama mipira ipo. Mmoja umevimba ubavuni kama mtu mwenye jino bovu.

Jumatano, 8 Mei

Bujiku alikuja ofisini. Huyu ndiye rais wa mashabiki, mwaka wa pili, anasomea Kiswahili na Historia, ana sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Shikamoo yake ya heshima kabisa, karibu apige magoti. Nikajua kuna jambo.

Kamati ya ufundi imekaa. Kamati hiyo haina ufundi wowote wa mpira. Kazi yake ni ndoto, mizizi na vitisho. Imeamua Jumamosi timu isipite getini Mkolani, wenyeji wamefukia kitu. Turuke ukuta, kama mwaka jana. Si mwaka jana tuliruka na tukachukua?

Nikamwambia mimi ni mwalimu wa jiografia, na kilichofukiwa getini ni bomba la maji. Akacheka kwa adabu. Adabu ile ndiyo inayoniudhi zaidi.

Jioni nikawaambia vijana wote: mwenye akili timamu apite getini. Magesa nikamwambia peke yake: wewe ukuta usiuguse hata kwa mkono.

Jumamosi, 11 Mei

Nusu fainali, Mkolani. Kabla sijashuka kwenye basi walishavuka. Wote! Hata kipa na glavu zake. Ukuta wenyewe mfupi, unaishia kifuani. Magesa walimpitisha juu kwa juu kama bwana harusi, mguu haukugusa tofali. Walau hapo walinisikia.

Mimi nikapita getini na begi la jezi. Mashabiki wetu wenyewe wakanizomea.

Tumeshinda moja bila. Kichwa cha Magesa mwishoni. Tulicheza vibaya mno, nimepiga kelele mpaka sauti imekauka. Wenzetu wamegonga mwamba mara mbili. Mpira ulipokwisha watu hawakuja kwa Magesa wala kwangu, walikwenda kuupigapiga ukuta kama wanampongeza mtu. Bujiku akaniambia, bila utani: "Madam, ungeruka na wewe tungepata matatu."

Ningemjibu ningefukuzwa kazi.

Jumapili, 12 Mei

Kanisani sikusikia neno. Nilikuwa nawaza kama wana haki.

Wale watoto walikaa mvuani mwaka juzi tunafungwa, hawakuondoka. Chuo chetu kimejificha nyuma ya mawe, bodaboda wengi wanadhani ni sekondari. Mwaka jana tulipochukua kombe ndiyo mara ya kwanza jina letu kutamkwa redioni bila kukosewa. Wamekuwa watu. Nani anataka kurudi kutokuwa mtu? Siwezi kuwalaumu kabisa.

Lakini tamaa yao haina breki. Na imepakiwa yote kwenye kifundo kimoja.

Jumatano, 15 Mei

Magesa anachechemea. Kidogo tu, mtu asiyemjua hawezi kuona. Nikamkalisha, nikabonyeza. Macho yakajaa maji. "Sisikii kitu, Madam."

Mwongo.

Nimemwekea barafu ya mama muuza juisi. Kulwa amefanya mazoezi na kikosi cha kwanza. Habari imefika kwenye mawe kabla sijakusanya koni za mazoezi. Ngoma zikanyamaza. Afadhali zingepigwa.

Alhamisi, 16 Mei

Mlangoni kwangu wameandika kwa chaki: MAGESA ACHEZE. Herufi kubwa, mwandiko mzuri. Hawa ndio walimu tunaowatoa.

Ijumaa, 17 Mei

Uvimbe wa kifundo umeshuka, anakimbia vizuri. Nimeamua ataanza, atatoka mapumziko. Ataingia uwanjani amebebwa. Bujiku ameapa kwa jina la mama yake kwamba watambeba.

Asubuhi nilijikuta bafuni nikitoa hotuba ya kupokea kombe. Kwa sauti. Niliwashukuru wazazi. Mungu wangu. Mimi!

Jumamosi, 18 Mei

Nimeshika kalamu na kuiacha mara kadhaa. Sasa naandika.

Uwanja wa fainali uko upande wa uwanja wa ndege. Ukuta wake si wa mchezo. Mrefu, na umejengwa kwenye mteremko: nje unaufikia kwa kukanyaga jiwe, ndani ni shimo. Basi lilisimama, hakuna aliyeshuka. Bujiku na kamati yake walikuwa mlangoni. Timu nzima ikanigeukia. Wanataka turuke wote. Safari hii na Madam. Eti Mkolani geti nililopita lilitunyima mabao.

Nilifungua mdomo nikatae. Nikafikiri: je, kama kweli? Mimi mwenye shahada yangu. Je, kama kuna kitu, na tukafungwa kwa sababu ya ubishi wangu?

Nikavua kofia, nikapanda.

Wakanisukuma kwa chini, wakanivuta kwa juu. Suruali ikachanika gotini. Nilipokaa juu ya ukuta mashabiki walilipuka kwa shangwe ambayo sijawahi kupigiwa na mtu yeyote, hata siku ya harusi yangu. Ilikuwa tamu. Sitadanganya. Nilinyanyua mikono. Nilisahau kila kitu.

Nilimsahau Magesa. Waliotakiwa kumbeba walikuwa wananishusha mimi. Naye damu ilichemka, akaparamia peke yake, akaruka. Akatua kwenye jiwe. Sikumwona akitua, nilisikia tu alivyovuta pumzi kwa meno.

Katika chumba cha kubadilishia nguo kifundo kilivimba tukikitazama. Nje wanaimba jina lake. Mkuu wa chuo akaingia na tai yake: "Afungwe bandeji tu, Madam. Hata kipindi kimoja." Bujiku kaleta dawa ya kuchua. Magesa analia, ananishika mkono, nipange Madam, nakuomba, nipange. Vijana wote wananitazama. Na mimi nilitaka. Hilo ndilo linaloniuma. Nilitaka kabisa. Nilishaanza kupiga hesabu: akisimama tu pale mbele, mabeki wao wataogopa.

Kisha nikakiona kile kifundo tena. Mguu huo nimekukabidhi wewe.

Nikasema hachezi. Mkuu akasema nitajieleza. Nikasema nitajieleza. Kulwa akavaa jezi.

Tumefungwa mbili bila. Kulwa alikimbia kama mbwa, akagonga mwamba, maskini. Magesa alikaa benchi mguu umo kwenye ndoo ya barafu, kafunika uso kwa taulo. Bao la pili lilipoingia chupa za maji zikaanza kuruka kutoka kwetu. Moja imenipata begani. "Madam jiuzulu!" Ni sauti zile zile zilizonishangilia juu ya ukuta.

Tulitoka kwa kupita getini. Wote.

Jumatatu, 20 Mei

Hospitali. Picha imetoka: mfupa mzima. Kano zimechanika, si sana. Daktari akauliza kama alicheza baada ya kuanguka. Nikasema hapana. Akasema tumshukuru Mungu. Magongo, halafu mazoezi ya taratibu. Atasimama darasani.

Nikaenda chooni, nikalia nikamaliza, nikanawa.

Mkuu kaniita. Niendelee na timu mpaka apatikane mtu mwenye kiu ya ushindi. Kiu! Angenisikia kule bafuni. Na hatapatikana mtu, kazi yenyewe haina posho.

Alhamisi, 23 Mei

Chuoni shikamoo zimepungua. Wanapita wakitazama simu. Kamati ya ufundi imetoa taarifa yake: tumefungwa kwa sababu Madam alitanguliza mguu wa kushoto ukutani. Nimecheka peke yangu ofisini mpaka nikaona haya.

Bujiku alikuja mchana. Nimemwona wiki nzima akimbebea Magesa begi, darasani na bwenini. Alisimama mlangoni, sauti yake yote imekwenda. Akasema yeye ndiye aliyesema ukuta. Nikamwambia na mimi ndiye niliyepanda. Akaomba chaki ya kufundishia, nikampa, akaenda zake.

Jumapili, 26 Mei

Mama Magesa amekuja kutoka Majita. Nimerudi kanisani nikawakuta barazani kwangu, yeye na mwanawe na magongo. Mwanamke mfupi, viganja vigumu. Ameleta kayabo, samaki wa chumvi, amemfunga kwenye gazeti, na unga wa muhogo.

Nikapika. Ugali ukatoka na madonge. Kisha nikamwambia yote, Magesa akiwa pale pale. Ukuta, kamati, nani alipanda kwanza. Sikumtaja Bujiku. Mama alisikiliza akiutazama mguu.

Nilisubiri aniseme. Ningestahili. Akanitazama mimi, mwili wangu huu mkubwa, kuanzia juu mpaka chini. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Magesa akacheka. Mimi ndiye wa mwisho.

Akasema, "Mguu umenirudishia. Asante." Akaendelea kula.

Baadaye Magesa alikwenda kulala kidogo ndani. Tulibaki barazani. Ziwa linaonekana kwa mbali kati ya mapaa, limetulia. Mama alikuwa anachambua miba ya mwisho. Akaniambia kule kwao watu wamekasirika sana. Siku ya fainali hata waliotakiwa kwenda kutega nyavu walikaa kwenye simu kusubiri matokeo. Kuna mzee hakula mpaka kesho yake. Hawamwelewi huyo kocha, alisema, kisha akakumbuka kocha ni nani, akaziba mdomo.

Akatazama mlango. Akanisogelea, akashusha sauti ili mwanawe asisikie.

"Lakini mwakani tutachukua. Siyo, Madam?"

Nikamwambia mpira unadunda, mama, tutaona.

Nimewasindikiza stendi, nimerudi, nimeosha vyombo. Kipa atakuwa ameshazoea. Kulwa nimpeleke pembeni, ana mbio. Magesa abaki katikati.