Gemu la Baba si la Kuzugia

Jumatatu, mwezi wa nane. Upepo umeamka na hasira leo, na vumbi la mtaa wetu wa Nyahanga limeingia mpaka ndani ya makopo ya mafuta ya nywele. Umeme umekatika tangu asubuhi. Saluni haina mteja hata mmoja. Joto tu, na mimi, na simu yenye chaji nusu.

Nimenuna. Bora niseme mapema ili anayesoma asitegemee maneno matamu.

Wateja wangu wanajua nimenuna, ndiyo maana hawaji. Wakipita hapa mlangoni wanatazama upande wa pili wa barabara kana kwamba kule kuna harusi. Wapite salama. Nikimshika kichwa mmoja wao leo nitamsuka mpaka alie.

Nieleze lilivyoanza.

Jirani na saluni yangu kuna banda la gemu la kaka Shija. Ni mtoto wa baba yangu mkubwa, kwa hiyo ni kaka, hata ninapotamani asiwe. Banda lina flati skrini tatu, zote za mpira. Vijana wanakaa humo kutwa, wakipiga kelele utadhani uwanja wa taifa umehamia Kahama. Kwenye kona, karibu na mlango, kulikuwa na TV moja ya chogo, lile zee lenye mgongo mrefu. Imeunganishwa na mashine ya kaseti ya zamani, na kaseti yenyewe ni moja tu: gemu la matofali. Hata kama hujawahi kushika pedi unalijua. Matofali yanashuka kutoka juu, mengine marefu, mengine yamepinda, nawe unayageuza na kuyapanga yasiache mwanya. Mstari ukijaa unafutika. Ukizembea yanalundikana mpaka juu, na gemu limeisha.

Hilo ndilo gemu la baba yangu.

Baba ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, upande wa Bulyanhulu. Kazi yake haikuwa kupasua mwamba. Alikuwa anapiga matimba, yaani kupanga magogo kwenye kuta za duara, shimo la kushukia mgodini, ili lisiwaporomokee walio chini. Wenzake walikuwa hawashuki mpaka wamuulize, "Mzee Luhende, limekaa?" Akisema limekaa, wanashuka.

Siku moja alisema limekaa, na halikukaa.

Sitaandika zaidi ya hapo. Wenye ndugu zao wapo, na wengine wanasoma. Nitasema tu kwamba baba alikuja kwangu na begi moja, akakaa kwenye kiti cha uani, akaacha kuongea. Watoto wangu, Kulwa na Doto, wanamwamkia shikamoo babu, anatikisa kichwa. Namuuliza ale ugali au wali, anatikisa kichwa hivyo hivyo, hata sijui amechagua nini. Nilimpeleka hospitali, nikampeleka kwa mchungaji. Shangazi akaja kutoka Ushetu na maneno yake ya mizimu, akaondoka na kuku wangu wawili. Baba kimya.

Halafu siku moja nikamtuma akanichukulie simu niliyoacha kwa Shija inachajiwa. Hakurudi. Nikaenda kumtafuta, nikamkuta amekaa mbele ya TV ya chogo, pedi mkononi, matofali yanashuka. Nyuma yake kulikuwa na kijana anasubiri, anatikisa mguu, anamwambia, "Mzee, fanya haraka basi, wengine tunasubiri."

Na baba akamjibu. Kwa mdomo wake. "Subiri na wewe. Huoni nafanya kazi?"

Nilitoka nje nikalia kwenye ukuta wa choo.

Tangu siku hiyo alikwenda kila mchana. Jioni anarudi na habari. Leo yalishuka haraka sana. Leo lile refu lilichelewa kuja. Leo fulani alinitoa kwenye kiti, kijana hana adabu kabisa. Alikuwa analalamika, na mimi malalamiko yake nilikuwa nayasikia kama kwaya. Nilimuuliza mara moja nini kinampendeza pale. Akasema, "Ng'wanone, mwanangu, pale likiporomoka hakuna aliye chini."

Nikaenda kumwekea maji ya kuoga.

Sasa ndipo anapoingia Sele. Sele ni kijana anayefanya kazi kwenye karasha, wanaposaga mawe ya dhahabu, na ndiye bingwa wa mpira pale bandani. Sina ubaya naye, ana mdomo tu. Wiki iliyopita Shija alitangaza kwamba anataka kuweka flati skrini ya nne na hana nafasi. Macho ya watu wote yakaenda kwenye chogo. Sele ndiye aliyesema waziwazi: "Toa hilo. Hilo si gemu, ni la kuzugia, la kupotezea muda tu. La walinzi na wajawazito."

Baba akageuka kwenye kiti. Nilikuwepo, nilikuja kuomba chenji.

"Lenu lina mapumziko," akasema. "Mnakunywa soda, mnabadilisha mchezaji aliyechoka. Hili halipumziki. Kadiri unavyoweza, ndivyo linavyoongeza kasi. La kuzugia ni lipi?"

"Mzee, gemu la kazi lina mshindi," Sele akasema. "Hilo lako umewahi kulishinda?"

"Halishindwi. Unalizuia tu."

"Sasa gemu lisilo na ushindi ni gemu gani?" Banda zima likacheka.

Mimi nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo hapa kwenye koo. Lakini ningelisemaje mbele ya wale watoto bila kumvua baba yangu nguo? Nikachukua chenji yangu nikatoka.

Shija angeweza kuamua. Banda lake, TV yake. Lakini Shija ni mtu wa kukimbia lawama. Hakutaka isemwe kwamba amemfukuza baba yake mdogo kwenye kiti. Kwa hiyo akatoa wazo, na akalitoa kwa sauti tamu kabisa: "Baba mdogo, tufanye kama ngoma za kwetu. Jumapili tunatoa TV mbili uwanjani, moja huku, moja kule. Watu wataamua lipi gemu la kazi."

Kwa msomaji wa mbali: kwetu Usukumani, baada ya mavuno, Wagika na Wagalu wanashindana ngoma. Hakuna jaji mwenye karatasi. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na watazamaji wanakwenda wanakovutwa. Mwenye umati mkubwa ndiye aliyeshinda. Kwa ngoma ni haki, kwa sababu ngoma inachezwa ili itazamwe.

Lakini tangu lini matofali yakachezwa ili yatazamwe? Ni sawa na kuwashindanisha mpiga ngoma na fundi saa, halafu tuulize nani amejaza watu.

Nilimwambia baba akatae. Akanishangaa. Baba alikuwa Mgika, na ujanani alikuwa akirusha jembe juu na kulidakia mgongoni, wanawake wanapiga vigelegele. Kwa maisha yake yote hajajua kipimo kingine. "Watu hawadanganyi," akaniambia. Jumamosi akafua shati lake mwenyewe. Akaniomba, kwa aibu kidogo, niwalete wanawake wa saluni wasimame upande wake. Nilikuwa sijamwona akitaka kitu namna ile tangu aje na lile begi.

Basi nikawaomba. Niliwaomba kwa heshima, hawa hawa wanaopita leo wakitazama kando.

Jana mchana uwanja ulijaa. Upande wa kule flati skrini, Sele na mwenzake, na spika kubwa ya Shija, maana mwenye banda alisahau kwamba anatakiwa awe katikati. Upande wa huku chogo juu ya meza yangu ya saluni, kanga yangu imefungwa juu kuzuia jua, na baba ndani ya shati lililonyooka. Wanawake wangu walikuja kweli. Mama Neema alikuja na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama wima, kwa sababu nilimwahidi kumalizia baadaye. Tulikuwa kundi. Dogo, lakini kundi.

Na baba alicheza. Sijui kueleza, mimi sijui gemu. Najua mikono. Ile mikono inayotetemeka ikishika kikombe haikutetemeka. Tofali likitokea tu, tayari anajua linakaa wapi. Kasi ikaongezeka, ikaongezeka, akawa anapumua kwa pua na kusema taratibu, "Limekaa. Limekaa." Mimi pekee ndiye niliyejua anasema nini.

Kule likaingia goli.

Spika ikalia, watu wakarukaruka, na wanawake wangu wakageuza shingo. Aliyeanza ni Mama Neema na nusu kichwa chake. "Nachungulia tu," akasema. Akafuata wa pili, akafuata wa tatu. Wengine hawakuona hata haja ya kudanganya. Wanasema penye wengi pana Mungu. Jana mimi niliona spika tu.

Nikabaki peke yangu nyuma ya kiti chake.

Naye hakujua. Aliendelea kupanga, anazuia, mgongo umenyooka kama mtu anayetazamwa na uwanja mzima. Nilijaribu kupumua kwa nguvu ili tuonekane wengi. Nacheka sasa ninapoandika, lakini ndicho nilichofanya. Nilihamahama nyuma yake nikikwaruza viatu ili asikie miguu ya watu.

Kisha akageuka.

Akanitazama, akatazama vumbi tupu pembeni yangu. "Wamehama," akasema.

"Baba, endelea, uko mbali sana. Endelea."

Akaweka pedi juu ya kiti, taratibu, upande wa vitufe ukiwa juu. Kwa jinsi alivyolelewa kwenye ngoma, aliyekimbiwa na watu haendelei kucheza. Anafungua njuga za miguuni. Akavuka uwanja, akamshika Sele mkono, akamwambia, "Wabeja," yaani asante. Na Sele, nimpe haki yake, alitazama chini.

Nyuma yangu matofali yaliendelea kushuka yenyewe. Hakuna wa kuyageuza, yalidondoka katikati, moja juu ya jingine, mnara mwembamba wa kijinga, mpaka ukagusa juu. Nilisimama nikatazama mpaka mwisho, nikiwa nimekunja ngumi, na sikujua hata kitufe cha kubonyeza.

Jioni Shija alituletea TV ya chogo nyumbani pamoja na mashine na kaseti. "Zawadi," akasema, "sasa baba mdogo atacheza anavyotaka, hakuna wa kumsumbua." Nilitaka kumtupia ile TV mguuni. Nikasema asante, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, na hiyo ni sehemu ya ugonjwa wetu.

Iko pale sebuleni. Baba hakuiwasha. Leo asubuhi, kabla umeme haujakatika, nilimuwashia mwenyewe, nikamwekea pedi mkononi. Aliishika kidogo akanirudishia. Nikadhani amerudi kwenye kimya chake. Lakini alisema sentensi moja, nami nimekaa nayo tangu asubuhi.

"Hapa nani anasubiri zamu?"

Nimeifikiria sana sentensi hiyo, kuliko kelele zote za jana. Wao wanabishana gemu la kazi ni lipi: lenye mshindi, lenye umati, lenye skrini kubwa. Baba alikuwa anataka mtu mmoja nyuma ya mgongo wake, anayemtegemea amalize. Mtu wa kumwuliza, "Limekaa?" Bila huyo mtu, hata kwake limekuwa la kuzugia.

Na mimi, mjanja, binti yake, mwenye hasira na kila mtu hapa mtaani? Muda wote ule alipokuwa akienda kwa Shija sikuwahi hata siku moja kukaa nikasubiri zamu. Nilikuwa nikichungulia mlangoni, nafurahi kwamba anaongea, narudi kwenye vichwa vyangu. Mama Neema angalau jana alisimama.

Ngoja.

Wanapiga kelele huko nje. Umeme umerudi.

Nafunga saluni, naenda nyumbani kumwashia baba chogo. Nitachukua ndoo, niigeuze, nikae nyuma yake. Nitatikisa mguu. Nitaguna kama wale wahuni wa Shija: mzee, fanya haraka basi, wengine tunasubiri. Akinigombeza nitajibu. Akininyima pedi nitaing'ang'ania.

Na zamu yangu ikifika nitapanga vibaya, naijua mikono yangu. Yataporomoka mapema sana, mbele ya macho yake.

Acha yaporomoke. Hakuna aliye chini.