Mti wa Jirani Niliouombea Shoka Ndio Unaonituliza

Mshauri wangu, nianze na aibu yenyewe ili nisije nikaikwepa: nautaka mti wa jirani, na mti huo ni mimi mwenyewe niliyeupigania ukatwe, na utakatwa Jumamosi hii, na nikilisema jambo hili kwa mtu yeyote kwenye bustani zetu za ushirika nitachekwa mpaka Krismasi, ndiyo maana nakuandikia wewe usiyenijua sura.

Mimi ni mjane, mume wangu Preben alifariki wakati wa baridi, alianguka akisukuma theluji mbele ya mlango, na tangu hapo kuna kitu kinanibana kifuani, kinanibana dukani, kinanibana kwenye basi, hata nikiwa napaka siagi kwenye mkate, navuta hewa lakini haishuki, daktari akanipima moyo akasema moyo mzima kabisa, nenda kwenye darasa la kutuliza akili pale maktaba, nami nikaenda japo mambo ya watu wazima kukaa sakafuni na soksi sijawahi kuyapenda.

Mwalimu wetu anaitwa Signe, binti mwenye sauti ya kumlaza mtoto, akatuambia tufumbe macho, kila mmoja achague kitu cha asili kilicho imara na yeye awe kitu hicho, mizizi ishuke, upepo uje upite, mwenyewe abaki amesimama. Kirsten aliyekaa kando yangu akawa mlima, mlima wa wapi sijui, maana katika nchi yetu hii kilima kirefu kuliko vyote unakipanda na mkoba mkononi, mzee mwingine akawa bahari ya Skagen, kule ncha ya kaskazini, na mimi nikangoja uje mwaloni wa heshima, ukaja nini, mshauri? Ukaja mti wa birki wa Egon!

Egon ndiye jirani yetu wa bustanini, tunagawana uzio mmoja, na birki yake hiyo ya gome jeupe linalobanduka kama karatasi imepita kimo kinachoruhusiwa na kanuni za ushirika, majani yake yanaziba mfereji wa paa la kijumba chetu cha pale bustanini, mbegu zake zinaingia kwenye kahawa, kivuli chake kimeniulia nyanya mwaka nenda mwaka rudi. Kila Jumapili mimi na Preben tulikuwa tunakaa barazani na kahawa yetu tunausema, mimi naanza, "Tazama, umeongezeka tena," naye anaitikia, "Ndiyo, mama, kesho utagonga mbingu," kisha anapanda ngazi kutoa majani mferejini huku akipiga kelele ng'ambo ya uzio, "Egon, njoo uchukue watoto wako!" na Egon anajibu, "Walee wewe, wamekupenda!" Wao wanacheka, mimi nachemka.

Basi Preben alipokufa nikalivalia njuga suala la mti, nikaenda kwenye mkutano mkuu wa majira ya kuchipua, nikasimama, nikasoma kanuni kwa sauti, wanachama wakanyoosha mikono wote, hata mwenyekiti ambaye hajawahi kukubaliana nami kwa lolote, nikarudi nyumbani mshindi, na wiki iliyofuata ndiyo nikaanza lile darasa la soksi.

Nilijaribu kuufukuza ule mti, Signe akasema usikifukuze kinachokuja, kikaribishe, nikaukaribisha kwa shingo upande, na mshauri, siku hiyo hewa ilishuka mpaka tumboni kwa mara ya kwanza tangu mazishi, nikalia mbele za watu. Sasa zoezi hilo nalifanya kila siku nyumbani, nafumba macho, najiona niko barazani, naliona lile gome, naona majani yanadondokea mferejini, nasikia kikombe kinawekwa mezani nyuma yangu, na kifua kinafunguka. Niliwahi kujaribu mwaloni kwa makusudi, kikabana palepale.

Juzi Egon akaja langoni kwangu. Nikajua amekuja kunitukana, nikajiweka sawa, kumbe anatabasamu.

"Haya, jirani, umeshinda," akasema. "Na nikwambie ukweli, umenisaidia. Mgongo umechoka kufagia. Nitapata jua, nipande viazi."

"Basi vizuri," nikasema.

"Mbona umenuna sasa? Mimi nilidhani leo utapandisha bendera kwa shangwe."

"Nimefurahi sana tu, Egon."

"Ukifurahi ndiyo hivi, je, ukifiwa..." akasema, kisha akakumbuka, akajiziba mdomo, akawa mwekundu mpaka masikioni, akageuka akaenda zake, na hatujasemezana tena.

Sasa mshauri niambie, nitakwenda na uso gani kwa mwenyekiti kuomba mti nilioupigia kelele uachwe, na mwenye mti mwenyewe ameshaanza kuota viazi, au ninyamaze ukatwe, kifua kinibane tena hadi nife nacho? Au niupige picha? Nisaidie, Jumamosi ni kesho kutwa.

Mshindi, Aarhus

*

Mshindi,

Hongera. Umejipalia makaa kwa mikono yako mwenyewe, tena mbele ya mkutano mkuu, na kura zote ukapata. Nimecheka, sikufichi. Sasa nimemaliza kucheka, na pole nyingi kwa msiba wa Preben. Kifua cha namna hiyo nakifahamu, si mchezo.

Tuanze na darasa. Signe hana kosa, na wewe huna wazimu. Ulitarajia uje mwaloni gani, dada yangu? Mwaloni ambao hujawahi kuutazama? Miaka yote hiyo umekaa barazani umeukodolea macho mti mmoja tu, unajua umeongezeka lini na jani gani limeangukia wapi. Egon mwenyewe haujui mti wake kama unavyoujua wewe. Ulipoambiwa ufumbe macho ungeona nini kingine?

Lakini hebu irudie barua yako uisome polepole. Unasema unakuwa mti. Huwi mti hata kidogo. Umekaa kwenye kiti chako, na nyuma yako kuna kikombe kinawekwa mezani. Nani anakiweka? Mti haumimini kahawa. Unakwenda kukaa na mumeo siku ya Jumapili, mnausengenya mti wa watu kama kawaida yenu, na ndiyo maana hewa inashuka. Kirsten na mlima wake wa kukopa hawezi kupata kitu kama hicho, mwachie mlima wake.

Na hapo ndipo ninapokugombeza. Ugomvi ule ulikuwa wenu wawili, na haukuwa wa kushinda. Wewe uliuchukua ukaupeleka kwenye kura. Preben aliishia kwenye ngazi, hakuwahi kwenda mkutanoni, na kama angetaka mti ule ukatwe angekwenda, maana mdomo alikuwa nao. Hukumuuliza mwenzio alikuwa anacheka nini kule juu. Wanachama nao walinyoosha mikono kwa sababu walimwona mjane amesimama na karatasi mkononi, hawakuwa na habari na kimo cha mti. Usijidanganye kwamba ulishinda hoja.

Kwa hiyo fanya hivi. Picha usipige, huna haja nayo, unayoyaona umefumba macho yanakutosha. Darasa usiache. Kwa mwenyekiti usiende kwanza. Nenda kwa Egon leo hii, barua yangu ikiwa bado mkononi, na kanuni uziache nyumbani. Mwambie kwa kinywa chako, "Egon, nilikosea, sitaki ukatwe." Usizungushe, usisingizie ndege wala viota. Atakuuliza kama umechanganyikiwa, mwambie ndiyo, kidogo. Akikubali uachwe, mtakwenda wote wawili kwa mwenyekiti, naye ataitisha wanachama, na watu watakuzomea. Zomewa. Ulipata makofi yao ukayapokea, pokea na hayo.

Akikataa, mti ni wake, na wewe ndiye uliyemsukuma mpaka akaanza kuwaza viazi. Hapo usianze kumlilia langoni. Kifua kitakubana siku chache, utarudi kwa Signe, utafumba macho, na nina hakika kile kiti utakikuta mahali pake, na aliyekuwa nyuma yako utamkuta. Shoka la Egon halifiki huko.

Ila kuna jambo moja ambalo sitakuachia, uachwe mti au ukatwe. Umeniandikia ukurasa mzima kuhusu jirani wa kukukera, na hukuona uliloliandika. Unadhani mgongo wa mtu yule umeanza kuuma mwaka huu? Kafagia majani hayo miaka yote bila kulalamika, maana alikuwepo mtu juu ya ngazi wa kumtania. Mwaka huu kafagia kimya kimya. Wewe ulikuwa barazani unachemka, mshindi wangu, na waliokuwa wakicheka ni wao wawili. Mazishini watu walikushika mkono wewe, wakakuletea keki, kama ilivyo haki yako. Egon naye alifiwa na rafiki yake siku ileile, na mpaka leo hakuna aliyekwenda kumpa pole. Nenda wewe.