Meza ya Bibi wa Misheni

Ipyana, Jumanne usiku

Nilimwonya! Nilimwambia Bibi wa misheni kwamba kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe, sembuse kula naye. Akanijibu, "Mwalimu, wewe tafsiri tu."

Basi leo kaiketisha familia nzima meza moja, aifundishe kulisha watoto maharage na majani ya maboga. Mzee alipoingia tu, mkamwana wake alijifunika nguo usoni akatoka mbio, mtoto mgongoni. Chakula hakikuguswa.

"Umeona?" Bibi akaniambia. "Watu hawa hawapendi mboga."

Kichwa kitupu kama chungu kipya cha wafinyanzi Wakisi!

Mtoto mwenyewe amekonda, naogopa. Jioni nilimkuta mama yake migombani. Akauliza, "Mwalimu, maharage ya kuponda, huyu ameshafikia umri wa kula?"

Nikamjibu ndiyo. Somo lote lilikuwa hilo.