Sikio la Kushoto

Dada yangu,

Bahati yangu haina mfano. Wenzangu wanaokota vifungo, mimi niliokota spika za masikioni zisizo na waya, pale pale mlangoni mwa duka langu la ushonaji. Ndiyo maana nikakutumia moja. Nilidhani ukiivaa huko utausikia wimbo ninaousikia mimi huku, kama zamani tulivyogawana waya wa redio ya baba nyuma ya kabati, wewe sikio la kushoto, mimi la kulia, na hakuna aliyejua tulipo.

Jana mteja aliyeniachia koti la kijivu nilirekebishe aliingia na simu yake. "Fundi, moja iko kwenye droo yako," akasema. "Na hii nyingine iko kwa nani?" Akanionyesha ramani. Nikaiona barabara yako, dada, hadi nyumba yako, mkononi mwa mtu asiyekujua.

Usiivae tena. Irudishe kwa basi la kwanza, nimkabidhi mwenyewe.

Na mama usimsimulie bahati yangu. Sikuokota kitu. Nilizitoa mfukoni mwa koti lile la kijivu.

Mdogo wako, fundi