Picha ya Chayo kwenye meza ya wafu

Fidencio, uko? Wameniweka kwenye meza ya wafu pale ofisini, ile ya sikukuu yao, kwenye picha za marehemu na mikate wanayowekewa. Mimi, mzima hivi.

Nilimpa mkurugenzi picha ya marehemu Chayo, ile ya harusi, sina nyingine. Nikamwambia, "Bosi, mnikate mimi, abaki mke wangu peke yake." Akasema, "Usijali, Don Eulogio." Halafu akamwachia kazi Annelies, yule binti Mholanzi wa mafunzo ya kazi, bila kumwambia neno. Aliye hai hawekwi pale. Mgeni atajuaje asipoambiwa?

Naingia asubuhi, tuko wawili kati ya mishumaa. Lupe wa mapokezi ananiambia, "Poleni na msiba wenu, Don Eulogio. Mkate wako ule pale." Wakacheka wote. Mkurugenzi naye akacheka, kisha akamgombeza binti.

Binti analia, "Sikujua bwana harusi ni wewe, mzee. Nilidhani wamekufa wote wawili."

Wamekufa wote wawili. Kaniambia hivyo usoni.

Mkasi nilikuwa nao, nikashindwa. Nimeikunja picha tu, nimejificha kwa nyuma. Lakini mkono wangu uko begani kwa Chayo, haukunjiki. Nimeuacha hapo hapo, kwa wafu.