Ukingo wa Nje

Jumatano, 3 Machi 2004

Kazini mpaka saa kumi na moja. Nyumbani kwa njia za ndani, kama kawaida. Taa nyekundu zote za Garland, hapa kando ya Dallas, nazijua. Wali wa jana na maharage. Halafu kompyuta.

Leo kijiweni ni kinanda. Kijiwe ni jina langu mwenyewe la ule ukumbi wa mtandaoni tunakokutana sisi tunaompenda Marit Sollund. Wenzangu wanauita kwa jina refu la Kiingereza. Kwangu ni kijiwe tu: watu wamekaa, wanabishana, hakuna anayeaga. Ila hatujawahi kuonana sura.

Marit ni Mnorwei. Anateleza kwenye barafu, peke yake, kwa muziki wa kinanda cha kanisa. Babu yake alikuwa fundi wa vinanda hivyo. Leo mzee mmoja wa Minnesota, aliyepiga kinanda kanisani kwao tangu ujana, katueleza kwamba ile sauti nzito ya mwisho hutoka kwenye bomba refu kama nyumba ya ghorofa, na kwamba kifua huisikia kabla ya masikio. Mama wa Osaka akajibu kwa habari za nili, maana gauni la Marit limetiwa rangi kwa mkono. Nikasoma yote. Mimi, binti wa madrasa ya Tanga, nimekaa jikoni Texas nasoma juu ya mabomba ya kanisa na majani ya nili. Chai ilipoa sikujua.

Niliingia kwa ajili ya Marit. Sasa najua habari za chuma, vitambaa na ndege wanaotoka ncha moja ya dunia kwenda nyingine, kwa sababu aliwahi kusema miondoko ya mikono yake aliiiga kwao.

Mwaka jana alianguka mazoezini, nyonga ikapasuka. Tukadhani basi. Sasa yumo kwenye kundi la maonyesho linalozunguka mijini. Linakuja Dallas wiki ijayo. Tiketi ninayo. Nimeifungia kabatini kama dhahabu.

Ijumaa, 5 Machi

Jambo kubwa limetokea.

Kuna mwanachama anajiita Idjwi. Anaandika kwa ukali, hasa kuhusu nywele na magauni. Miaka miwili tumebishana naye kwa Kiingereza, na kupatana, na kubishana tena. Nilidhani ni jina la Kijapani. Leo mzee wa Minnesota kamuuliza maana yake. Akajibu: ni kisiwa katika Ziwa Kivu, nilizaliwa huko, sasa niko Houston.

Nimebaki nimeshika mdomo. Nikaandika, mbele ya wote, kwa Kiswahili: Unasema Kiswahili?

Jibu likaja papo hapo, kwa Kiswahili cha Kongo, njo badala ya ndiyo: Njo luga yangu. Weye ni nani?

Watu wa kijiwe wakaanza kuuliza kuna nini. Hatukuwajibu.

Jumamosi, 6 Machi

Amenipigia simu. Anaitwa Furaha. Ana saluni Alief, Houston, anasuka. Sauti yake inajaza nyumba.

"Njo weye Asha wa Dallas?"

"Ndiye mimi, dada."

"Miaka mbili tunateseka na Kiingereza bure, ma chérie, mpenzi wangu."

Tumecheka mpaka nimekaa chini sakafuni. Anasema saluni kwake runinga ina kazi moja, kanda za Marit. Mteja asiyetaka kumwona Marit akasukwe kwingine. Wateja wake, mama wa Kikongo, wa Naijeria, wa Honduras, sasa wote wanajua nani kaanguka mashindano gani.

Nilimuuliza alianzaje. Alisema alipofika Amerika hakujua Kiingereza, na runinga yote ilikuwa kelele. Siku moja akamwona Marit. Hapakuwa na neno la kuelewa. Alielewa yote.

Nimekuwa nikiifikiria hiyo kauli mchana kutwa.

Alhamisi, 11 Machi

Nimeangalia lutz ya Marit, ule mruko wake, tena na tena, mkanda umeanza kukwaruza.

Chuma cha kiatu kina kingo mbili, ya ndani na ya nje. Kwenye mruko huu anarudi kinyumenyume kwa upinde mrefu, amelalia ukingo wa nje, halafu anaruka na kuzunguka upande ule ambao mwili hautaki. Ni kujipinga mwenyewe. Karibu wote huibia: mwishoni kabisa wanageuzia kiatu kwenye ukingo wa ndani, kwenye urahisi. Jicho la kawaida halioni. Sisi tunaona. Marit haibii. Anakaa kwenye ukingo wa nje mpaka unaogopa kwa niaba yake.

Nilimpigia Furaha, yeye kule na mkanda wake, mimi hapa na wangu, tukahesabu pamoja moja mbili tatu na kubonyeza. Nyuma yake mteja mmoja alisema, kwa Kiingereza, "Sasa angalia mguu, mguu." Mama mzima, kichwa nusu kimesukwa, anamfundisha mwenzake ukingo wa nje.

Dunia hii inanishinda.

Jumapili, 14 Machi

Hakutokea.

Nilikwenda na Njeri, Mkenya tunayefanya naye kazi kwenye duka la dawa la hospitali. Yeye ndiye aliyeendesha. Alinifanyia hisani tu, barafu haimhusu. Walitangaza mwanzoni kabisa kwamba Bi Sollund ana maumivu na hatashiriki. Watu wakaguna kidogo, wakaendelea na bisi zao. Mimi nilihisi kama nimepewa habari ya msiba.

Njeri alilala kipindi cha pili. Alipoamka akauliza, "Ameshakuja huyo wako?"

Furaha kanipigia nikiwa bado nimevaa koti. Ameshasikia. Kundi liko Houston Jumamosi, mchana. Ana tiketi mbili, ya pili alimnunulia dada yake, na dada amepata zamu. Nije. Nitalala kwake. Marit anaweza kupata nafuu.

Nikasema nina kazi Jumamosi.

Sina kazi Jumamosi.

Jumatano, 17 Machi

Nimwambie nani kama siandiki hapa. Naogopa barabara kuu.

Tangu Agosti. Lori lilinibana ukutani kwenye barabara kuu ya kuzunguka jiji. Gari likaisha. Mguu ukavunjika, ukapona. Mimi sikupona. Katika jiji hili ambako hata kununua mkate ni gari, napita vichochoro kama mwizi. Njia ya dakika chache nakwenda saa nzima. Kazini wanadhani nimehamia mbali. Njeri peke yake anajua, na hasemi.

Nilimuuliza kama anaweza kunipeleka Houston. Alisikitika kweli. Jumamosi yeye ndiye mwenye zamu.

Mchana nikampigia Furaha, nikamwambia ukweli. Nilitegemea anipe pole.  Nikasikia kitana kinawekwa mezani.

"Kwa hiyo ulinidanganya."

"Ndiyo, dada. Nisamehe."

"Weye unamuandikia Marit kila siku mtandaoni, rudi, rudi, usiogope. Mwenye nyonga ya kupasuka. Na weye?"

Akakata simu.

Nimekasirika. Ana haki gani. Hajui ile sauti ya bati likikunjwa nawe ukiwa ndani.

Baadaye. Ana haki.

Ijumaa, 19 Machi

Asubuhi kijiweni kuna taarifa. Marit atateleza Houston. Hataruka hata mruko mmoja, daktari amekataa. Na baada ya hapo anaacha. Kasema mwenyewe, kwa mistari miwili tu. Mama wa Osaka kaandika kwamba ameisoma kwenye treni na amepitiliza kituo chake.

Jioni, kabla jua halijazama, nikajaribu. Nikapanda barabara kuu, nikatoka kwenye njia ya kwanza ya kushukia. Nikaegesha nyuma ya duka la matairi. Kijana wa duka akaja kuuliza kama nina pancha.

Nikampigia Furaha nikiwa palepale. Nikamwambia nimejaribu na nimeshindwa. Hakuzungumzia yaliyopita.

"Sikia. Usiende Houston. Enda Corsicana tu, robo ya njia. Ukifika, simama, piga simu. Saluni itafunguliwa tangu asubuhi."

Jumapili, 21 Machi. Alief

Naandika mezani kwa Furaha, wenyewe wako kanisani. Niandike ya jana kabla hayajapoa.

Niliondoka alfajiri. Njia ya kulia kabisa, polepole, malori yananipita na gari lote linatikisika. Nilisoma kila dua niliyofundishwa utotoni, na nyingine nilizitunga. Corsicana. Nikasimama, nikapiga simu. Furaha akatangaza saluni nzima: "Iko Corsicana." Nikasikia makofi. Kwa kweli, makofi. Mama ambao sijawahi kuwaona.

"Sasa enda Fairfield tu," akasema.

Hivyo hivyo, mji kwa mji. Kandokando ya barabara maua ya buluu yametanda na mimi sikuthubutu kugeuza shingo. Madisonville. Huntsville. Kila nikisimama, makofi.

Conroe, mlangoni kabisa mwa Houston, ikanishinda. Njia zikaongezeka, magari yakatokea pande zote, lori la magogo likaja kulia kwangu pale pale lilipokuwa lile jingine siku ile. Nikatoka. Kituo cha mafuta. Nikazima gari na sikuweza kuliwasha. Nililia kama mtoto, niseme nini.

Nikamwambia, "Dada, basi. Nimefika mwisho."

"Conroe sehemu gani?"

"Kwa nini?"

"Nakuja kukuchukua. Nafunga saluni."

Nikatazama saa. Angekuja, tungerudi, tungekuta watu wanatoka. Angemkosa Marit. Huyu ambaye amemwona kwenye kioo miaka yote hiyo, na sasa yuko mjini kwake, kwa mara ya mwisho. Angemkosa kwa ajili yangu, na kwa sauti yake nilijua funguo ziko mkononi tayari.

Nikasema usije. Nikawasha gari.

Sikumbuki sehemu iliyofuata. Nakumbuka vidole vimekauka kwenye usukani na redio inasema kitu kuhusu mvua.

Alikuwa mlangoni mwa ukumbi amevaa kilemba cha njano. Mfupi. Nilimtegemea mkubwa, kwa sauti ile. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Nani alikusuka hivi?"

Halafu akanikumbatia, na hatukuachana mpaka mlinzi akatuomba tupishe watu.

Sasa Marit. Nitaandika ninavyoweza.

Alitoka bila matangazo mengi. Gauni la nili. Kwenye runinga nilikuwa naliona jeusi. Si jeusi. Mama wa Osaka alisema kweli, lina kina, kama maji ya mbali. Kinanda kikaanza kwa chini, na nikakisikia kifuani kabla ya masikioni. Nikamkumbuka mzee wa Minnesota. Nilitamani wangekuwepo wote, kijiwe kizima, kwenye safu ile ile ya viti.

Na kuna sauti. Hakuna aliyewahi kuniambia. Runinga inaifuta. Chuma kikikata barafu kinatoa mlio mnyoofu, mkavu, kama seremala anaranda mbao laini chumba cha pili. Kila mguu na mlio wake. 

Hakuruka. Alizunguka uwanja kwa miguu tu, na mikono ile ya ndege. Watu wa nyuma yetu walikuwa wanapiga soga. Halafu muziki ukafika pale. Tunapajua. Pale ndipo lutz ilipokaa miaka yote. Furaha akanishika kifundo cha mkono.

Marit akageuka kinyumenyume. Akalalia ukingo wa nje. Ule upinde mrefu, ule ule. Nikazuia pumzi, maana kila kitu mwilini mwake kilikuwa kinakwenda kuruka. Hakuruka. Alikaa kwenye ukingo. Akakaa. Upinde ukaendelea kupita pale ambapo mruko ungekuwa, ukazidi kulala, mpaka nikadhani ataanguka, na hakuibia. Mlio haukubadilika hata kidogo. Uwanja wote ulinyamaza, hata wale wa nyuma yetu. Nadhani hawakujua wamenyamazia nini.

Sisi tulijua.

Alizunguka karibu nusu ya uwanja hivyo, kwa mguu mmoja, kwenye nyonga iliyopasuka. Mpaka mwendo ukaisha wenyewe na akasimama.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Nina umri wa miaka thelathini na nne, nimeona watoto wakizaliwa na wazee wakifa, na sijawahi.

Furaha, ambaye hanyamazi, hakusema neno mpaka tulipofika garini. Hapo akasema, "Alors," haya basi ya Kifaransa chake. 

Jumanne, 23 Machi

Nilirudi jana, polepole. Mvua tangu Huntsville. Nimelala sana.

Wale wa kijiwe wanangoja. Wamejaza ukurasa kwa maswali. Aliruka? Alilia? Gauni ni lile? Nimekaa tangu saa nne kujaribu kuwaandikia, nimefuta kila nilichoandika. Mwishowe nikaweka sentensi tatu kwa Kiingereza: hakuruka, alikaa kwenye ukingo wa nje mpaka mwendo ukaisha, kuna sauti ambayo kanda zetu hazina.

Mzee wa Minnesota kaomba nimweleze hiyo sauti. Nikamwambia ya seremala. Akasema anaielewa, baba yake alikuwa na randa.  Mama wa Osaka ameweka picha tu ya kipande cha kitambaa cha nili, kimeanikwa dirishani kwake.

Halafu Furaha. Kaandika chini ya maneno yangu, kwa Kiswahili, bila tafsiri: Nilikuwa pale. Yote anasema ni ya kweli.

Hakuna aliyeuliza maana yake.

Mvua imeacha. Nimefungua dirisha. Jirani anaosha gari lake ingawa limenyeshewa siku nzima.