Barakoa Sebuleni

Barakoa! Hebu sikia, Kiranja: mtu yuko peke yake sebuleni kwake, anatahiniwa ukalimani wa lugha ya alama kwa video, naye amevaa barakoa!

Nikamwamuru aivue. "Mzee, mimi nafuata mwongozo wa afya." Nani angemwambukiza, kochi?

Kabla ya janga la korona tuliwatahini ana kwa ana, na nusu ya maksi ilikuwa ya uso, kwa sababu swali liko usoni. Ukiuficha, "Umemeza dawa?" inageuka "Umemeza dawa."

Nikampa sentensi hiyo hiyo. Mikono ikacheza vizuri mno. Mtahini mwenzangu, ambaye ni kiziwi, akamjibu kwa alama: "Asante kwa taarifa."

Mwenyekiti wa jopo hata hakuona haya. "Mikono imeonekana. Mpitisheni, wodi inamsubiri Jumatatu."

Mpitisheni! Wagonjwa viziwi wameze vidonge kwa kumtegemea huyo?

Tulikataa kutia saini, sote wawili. Sasa hivi nimeletewa nakala ya cheti. Saini ni moja tu, ya mwenyekiti. Penye majina yetu ameandika: "Hawakuwepo."

Hawakuwepo, Kiranja!

Nimemjibu kwa mstari mmoja: Jumatatu asubuhi, mlangoni pa wodi, tutakuwepo.